Choo cha Ulaya cha Baba Solange

Maji ya chemchemi ya Bungulu yalitoka kijani Jumanne asubuhi, mbele ya watu wote, na aliyekuwa anacheka kwa sauti kuliko wengine alikuwa Lusenge, baba yake Solange.

Alikuwa amekuja na kiti kutoka nyumbani ili aone vizuri. Tangu Noeli watoto wa mtaa walikuwa wanahara, na watu waliokimbia vita upande wa Mambasa walikuwa wameongeza foleni pale chemchemini mpaka barabarani. Basi mradi wa maji wa kanisa ukamtuma fundi kijana, Maliro, aje na unga wake wa rangi usiodhuru mtu. Kila siku alimwaga kidogo katika choo kimoja cha mlimani, kisha watu wakaangalia maji huku chini. Choo cha Mama Tamar, mwenyekiti wa kamati ya maji, kilipimwa na maji yakabaki meupe. Cha jirani yake pia. Kilibaki cha Lusenge, ambacho yeye mwenyewe aliona ni kupoteza unga bure.

"Choo yangu iko na simenti," aliwaambia watu. "Iko na matofari ya kuchoma, iko na mabati, iko na mulango ya kufuli. Muende mutafute mu zile za majani ya ndizi!"

Hapo ndipo maji yakaanza kubadilika. Kwanza yalionekana kama chai ya majani machanga, halafu yakakolea, yakawa kijani cha bendera. Kina mama walinyanyua vibidoni vyao, madumu ya kutekea maji. Askari mmoja aliyekuja kujaza chupa yake aliruka nyuma.

"Oyo mayi nini?" alipiga kelele. "Oyo nkisi ya ba Mayi-Mayi!"

Akakimbia, akidhani ni dawa ya Mayi-Mayi, wale wapiganaji wanaojikinga risasi kwa maji. Baada ya muda akarudi polepole, akatazama huku na huku, akajaza chupa na kujipaka kifuani ili risasi zisimpate. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia yametoka wapi.

Maliro alimgeukia Lusenge kwa adabu. "Baba, ile shimo ulichimba mpaka wapi?"

Lusenge hakuwa ameelewa bado. Alinyoosha mgongo pale kitini. "Mpaka mayi! Batu wengine banachimbaka mpaka ku kifua, banachoka. Mimi nilichimba mpaka nikakuta mayi inatembea kule chini. Ile ni choo ya Ulaya, kijana. Inajisukumaka yenyewe."

"Njo inajisukuma mpaka hapa," alisema Mama Tamar.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lusenge alitazama maji, akatazama mlima, akatazama tena maji. Kisha alibeba kiti chake akapanda nacho nyumbani, na kiti kile hakikuwahi kuwa kizito namna ile.

*

Lazima isemwe kwamba choo chenyewe kilikuwa kizuri kweli. Lusenge alikuwa mfanyabiashara mdogo wa mafuta ya mawese, mtu wa kusukuma baiskeli kutoka Kamango na magaloni mawili ubavuni, na fedha ya kile choo ilikuwa imemtoka jasho la miaka. Wageni waliokuja kwake walionyeshwa choo kabla ya kuonyeshwa watoto. Alikipiga chokaa kila Pasaka. Hata padri alipopita mtaani, Lusenge alimuuliza kama hahitaji kujisaidia.

Jumatano kamati ilikaa, na uamuzi haukuchukua muda. Choo kifungwe, shimo lijazwe majivu na udongo. Chemchemi nayo isitumiwe kwa kunywa mpaka iwe imesafika na Maliro ameitia dawa. Hadi siku hiyo watu wateke mbali, kwenye bomba la misheni. Kina mama wa Bungulu walipandisha mlima na vibidoni mgongoni, na kila aliyepita mbele ya nyumba ya Lusenge alipumua kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mama Tamar alikuja mwenyewe kumpa habari. Alikuwa mama wa Kiprotestanti, mpana, mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Tunafunga kesho," alisema.

"Mama Tamar, munipatie paka siku ya muungu," Lusenge aliomba, yaani mpaka Jumapili. "Ile siku bakwe banakuya kutoka Butembo. Bazazi ya Mathe, ule kijana mwenye anataka Solange. Sasa bakuye hapa bakute sina choo? Batasema nini?"

"Batasema hauna choo."

"Unaona!"

Na jambo lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Baba yake Mathe, mzee Kasonia, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa kahawa Butembo, na ukoo wake ulishika desturi kwa mikono miwili. Kwao, mkwe hawezi kuingia choo kimoja na mama wa binti. Ni heshima, hata kukutana njiani kuelekea huko ni aibu kwa wote wawili. Kwa hiyo haikutosha kuwatuma wageni kwa jirani, maana familia ya Lusenge nayo ingekuwa kwa jirani huyo huyo. Wageni walihitaji choo chao peke yao, chenye mlango. Na Lusenge alikuwa amekwisha tuma salamu Butembo mara mbili kwamba atawapokea vizuri, akisisitiza neno "vizuri".

"Tutafunga kwa kufuli," alisema. "Sisi wote hatutaingia. Itabakia ya bakwe, siku moja tu. Kiisha munafunika."

Mama Tamar alitikisa kichwa. "Batakula kwako, si ndiyo? Batakunywa na mayi. Utabapatia ya wapi?"

Lusenge alitia mkono mfukoni. Lakini hakuutoa ufunguo.

*

Tangu siku ile familia nzima ilikwenda kujisaidia kwa Mama Tamar, na hiyo peke yake ilikuwa hadithi. Kwake kulikuwa na jamaa saba waliotoka Mambasa, pamoja na watoto wake, pamoja na wapangaji. Foleni ya asubuhi ilianzia kwenye mlango wa jikoni. Lusenge, mtu ambaye kwa miaka alikuwa anajisaidia peke yake kama waziri, alisimama na kopo la maji mkononi nyuma ya bibi mmoja asiyekuwa na haraka yoyote duniani.

"Wavukire, Baba Solange!" watu walimsalimu, tena kwa furaha. "Leo umekuya ku choo ya baprotestanti?"

"Hapana shida," alisema mwingine. "Tutamuimbishia wimbo mbele aingie."

Alijikaza, akatabasamu, akarudi nyumbani na uso umemshuka. Nyumbani mkewe Adèle hakuwa anamsemesha. Adèle alikuwa na sababu yake, na ilikuwa imelala kwenye mkeka chumba cha pili: mtoto Josaphat, hajatimiza miaka miwili, mtoto wa Keren. Keren alikuwa binti wa dada yake Adèle. Alifika kutoka Mambasa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, bila mume, ambaye walipotezana porini. Mtoto alifika mzima. Bungulu ndiko alikoanza kuhara. Lusenge, ambaye hakuwa na roho mbaya hata kidogo, alikuwa amelipa dawa ya Josaphat mara tatu, na mara ya mwisho aliuza galoni la mafuta kwa hasara ili ailipe.

Alhamisi mchana alirudi kutoka sokoni amechoka, akakaa mezani, akaomba maji.

Adèle alimletea glasi juu ya sahani, na kitambaa cheupe chini yake, kama mtu anavyomhudumia mgeni. Maji yalikuwa kijani.

"Ni nini hii?"

"Nilichota ile Jumanne. Nilichunga mu kibidoni. Kunywa, Baba Solange. Ni yetu."

"Adèle..."

"Kunywa. Rangi haina mubaya, Maliro alisema. Ni mayi tu, ile yenye Josaphat anakunywaka tangu alifika mu nyumba yako. Wewe unauzisha mafuta juu ya dawa, kiisha unaenda ku choo. Anapona, anakunywa tena. Unauzisha tena. Sasa Mungu anatuangalia vile, anasema nini?"

Solange, aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, hakuinua kichwa. "Papa, mimi ukiachaka ile choo wazi, sitoki mu chumba siku ya muungu. Babebe mbuzi zabo banarudia. Siolewi juu ya tumbo ya batoto ya batu."

Lusenge aliitazama glasi. Chumba cha pili mtoto alikohoa, Keren akamwimbia kidogo. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, aibu ya kweli sasa, siyo ile ya kuchekwa. Alikuwa anampenda yule mtoto. Alikuwa amemtengenezea kigari cha mabua. Na muda wote huo alikuwa anamwua polepole kwa kitu alichokipiga chokaa kila Pasaka.

Aliinuka, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani kando ya glasi.

"Iko wapi nyundo?" aliuliza.

*

Alikivunja choo mwenyewe. Watu wa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, walikuja Ijumaa na majembe na ndoo za majivu, lakini Lusenge hakumruhusu mtu aguse tofali la kwanza. Alipiga nyundo huku machozi yanamtoka, akisema ni vumbi. Mama Tamar alimwachia vumbi lake.

Kisha Maliro aliwaonyesha mahali pa choo kipya, upande wa pili wa nyumba, ambako mteremko unashuka kwenye migomba na siyo kwenye chemchemi. Walichimba. Lusenge alikuwa ndani ya shimo, na alipofika kifuani Maliro alimwambia basi.

"Kidogo tena," Lusenge alisihi. "Udongo ni muzuri."

"Baba, toka mu shimo."

"Nusu metre tu!"

Walimtoa kwa kumvuta mikono. Matofali yale yale, mabati yale yale, mlango ule ule wa kufuli vilihamishiwa upande wa pili wa nyumba. Mtaa mzima ulifanya kazi, maana mtaa mzima ulitaka chemchemi yake. Mpaka jioni walikuwa wamepigilia magogo juu ya shimo na kumwaga simenti. Hesabu ya Maliro ilikuwa hivi: Jumamosi simenti ikauke, kuta zipande, mabati yakae. Jumapili baada ya misa, bakwe wakute kila kitu tayari.

Bakwe walifika Jumamosi asubuhi.

Butembo kulikuwa na uvumi kwamba Jumapili askari wangefunga barabara, na mzee Kasonia hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipakia mbuzi kwenye lori, akampakia Mathe, akapakia na wajomba wawili, wakaondoka alfajiri. Kwenye vizuizi vya askari walishuka na kupanda, walitoa hiki na kile, na mbuzi mmoja nusura abaki kwa komanda. Kwenye kizuizi kirefu kuliko vyote waliuziwa maharagwe ya moto, na Kasonia, aliyekuwa na njaa, alikula sahani mbili.

Aliposhuka Bungulu amevaa suti ya kijivu na kofia, aliona ua umejaa watu wenye matope, kuta za kiunoni, na mwanamume mmoja kifua wazi akichanganya udongo kwa miguu.

"Wewe, mufanyakazi," alisema. "Mwenye hii nyumba iko wapi?"

Watu wote walimgeukia yule mwenye kifua wazi. Lusenge alitazama miguu yake. Angeweza kusema mwenye nyumba ametoka kidogo, akapitia nyuma, akaoga, akarudi na shati jeupe. Wazo hilo lilimpitia, asiseme mtu kwamba halikumpitia.

"Ni mimi," alisema. "Karibu, mukwe. Hapana kunipatia mukono, iko muchafu."

*

Waliketi chini ya turubai. Lusenge alikuwa ameoga haraka, na nyuma ya masikio bado alikuwa na udongo. Kaka yake mkubwa, Ananie, aliyekuwa msemaji wa familia, alianza moja kwa moja: mahari ni mbuzi kumi na tano. Kasonia alisema kumi. Ananie alisifu elimu ya Solange. Kasonia aliisifu pia, akabaki kwenye kumi. Wajomba walitia chumvi pande zote mbili, kasiksi, pombe ya ndizi, ikazunguka, kumi ikabaki kumi. Ilikuwa wazi kwamba mzee huyu kwenye bei hakuwa na huruma. Ilikuwa wazi pia kwamba hatulii. Alipandisha mguu juu ya mwenzake, akaushusha, akapandisha mwingine.

Mwishowe aliinama sikioni kwa Lusenge. "Mukwe. Choo?"

Lusenge alifumba macho. Kisha alimweleza yote, bila kuficha: maji kijani, mtoto wa Keren, nyundo. "Nilikuwa na choo muzuri kupita zote za Bungulu," alimaliza. "Ningeweza kuichunga mpaka muende. Nilishindwa. Njo kusema, ile ya bageni iko pale. Haiko na ukuta bado."

Kasonia aliinuka upesi. Akaelekezwa kwa Mama Tamar, akaenda kwa hatua fupi fupi.

Na pale, mwisho wa foleni, kopo mkononi, alisimama Adèle.

Hakuna neno la kueleza walivyotazamana, kwa sababu hawakutazamana. Adèle alijifunika kitenge mpaka kichwani. Kasonia aligeukia ukuta, akausoma kama gazeti. Bibi asiyekuwa na haraka alikuwa ndani, kama kawaida yake. Watu wa foleni walijua desturi, nao wote waligeuka kutazama migomba. Kisha Kasonia akarudi alikotoka, amenyooka kama mtu aliyebeba yai.

Alisimama mbele ya kuta za kiunoni. Alivua koti, akampa Mathe. Alivua kofia.

"Mwaka tulikimbiaka vita kwenda Alimbongo," alimwambia Lusenge kwa sauti ndogo, "nilizika binti yangu kule. Alikunywa mayi ya batu yenye hatukujua. Hakukuwa na mutu wa kuvunja choo yake juu yetu." Akakunja mikono ya shati. "Leta tofari."

Sababu zilikuwa mbili, na ile ya tumbo ilikuwa ya haraka zaidi. Hakuna mkwe aliyewahi kufanya kazi namna ile Bungulu. Aliwapanga wajomba kwenye mstari, matofali yakatembea mkono kwa mkono. Mathe alichanganya udongo na Lusenge, wakasahau kwamba wanapaswa kuoneana haya. Solange alipita na chakula, akamwona mchumba wake amepakwa matope mpaka nyusi, akacheka mpaka akamwaga mchuzi. Kila mtu alipopumzika, Kasonia alimuuliza kama ni mgonjwa.

"Ukuta inatosha," Maliro alisema. "Sasa mabati."

"Mabati ya nini?" Kasonia alipiga kelele. "Mvua iko wapi? Mulango! Weka mulango!"

Waliweka mlango. Kilikuwa bado hakina paa, lakini simenti ilikuwa imekauka na mlango ulifunga. Kasonia aliingia. Watu wote walisimama na majembe, hawajui watazame wapi. Halafu Mama Tamar, mwenyekiti wa kamati ya maji, akapiga kigelegele, na kina mama wote wakampokea.

Kasonia alikaa ndani muda mrefu. Lusenge alianza kuogopa kwamba wamemwaibisha, kwamba atatoka, avae koti, adai lori lake. Mwishowe mlango ulifunguka. Mzee alisogelea ndoo, akanawa mikono kwa sabuni, akajifuta, akaomba koti na kofia yake. Alipovaa, alitazama ukuta, kisha matope kwenye suruali yake, kisha Lusenge.

"Wasingya," alimshukuru. "Mimi nilikuwa nimetafuta nyumba ya tajiri juu ya mutoto wangu. Batajiri nabajua, wengi beko Butembo. Hapana hata mumoja mwenye angevunja ile kitu mbele ya bakwe kufika." Akamgeukia msemaji. "Ananie, ulisema mbuzi ngapi?"

"Kumi na tano," Ananie alijibu upesi.

"Basi ni kumi na tano. Kumi ziko hapa, tano zitafuata, askari wakiziacha."

Vigelegele vilipanda upya, na safari hii Josaphat naye alikuwa uani, mgongoni kwa mama yake, akipiga makofi bila kujua ni ya nini. Lusenge alimshika mkwe wake mikono yote miwili, na udongo wake. Nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo heshima ilimruhusu kusimama, Adèle alimvuta Solange kwa kitenge.

"Haraka tuliifanya ya nini?" alimnong'oneza. "Tungemungojesha kidogo tena, angeongeza na ng'ombe."